"Punguza mawazo" ni agizo lisilotekelezeka

Mtu akipimwa presha ikakutwa imepanda, hutoka kwa daktari na mambo matatu: vidonge, onyo kuhusu chumvi, na agizo la kupunguza mawazo. Vidonge anaweza kuvinunua, au bima ikamlipia. Chumvi iko mezani kwake mwenyewe. Agizo la tatu ndilo linalomshinda, wala si kwa ukaidi. Hakuna aliyemweleza mawazo hayo yanapunguzwaje na mtu ambaye mwenye nyumba anamdai kodi ya miezi sita, kibarua chake hukijua asubuhi akifika getini, na simu yake inaita kutwa kwa namba za wadai. Nyumbani nako ndugu watalirudia agizo lile lile kwa maneno mengine: usiwaze sana, jikaze, mwachie Mungu. Nia yao ni njema. Lakini naona agizo hili linapelekwa pasipo pake. Kwa ushahidi tulionao leo, kinachouharibu mwili wa binadamu ni kuishi kwa muda mrefu chini ya mambo asiyoweza kuyatabiri wala kuyaongoza, na mengi ya mambo hayo yamepangwa na watu wenzake. Yaliyopangwa na watu, watu wanaweza kuyapanga upya.

Mwili wenyewe hauna kosa. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza tangu mwaka 1915 jinsi mnyama anavyojiandaa anapokabili hatari. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Moyo huenda mbio, mishipa ya ngozi na ya tumbo hujibana ili damu iende kwenye misuli, ini huachia sukari, mboni za macho hupanuka, na damu hujiweka tayari kuganda haraka endapo kutatokea jeraha. Kinywa hukauka kwa sababu kusaga chakula si jambo la haraka mbele ya simba. Dakika chache baadaye hufuata homoni nyingine kutoka tezi zile zile, kotisoli, ambayo kazi yake ni kuhakikisha sukari haikatiki na kusimamisha kwa muda shughuli zinazoweza kungoja: ukuaji, uzazi, ukarabati wa tishu, sehemu ya ulinzi dhidi ya maradhi. Kwa maneno mengine mwili hukopa. Hujichotea kutoka akiba ya kesho ili uvuke leo, kwa matumaini kwamba hatari ikipita deni litalipwa kwa usingizi, chakula na mapumziko. Bila mpango huu tusingekuwepo. Aliyewahi kuruka mtaro asiojua kuwa anaweza kuuruka, kwa sababu mbwa alikuwa nyuma yake, ameuonja uzuri wake.

Hata mkopo huo wa dakika chache una hatari kwa aliye na moyo mgonjwa. Tetemeko la Northridge lilipoipiga wilaya ya Los Angeles alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994, vifo vya ghafla vya moyo katika wilaya hiyo vilifikia 24 siku ile, wakati wastani wa siku za kabla yake ulikuwa chini ya 5. Hata hivyo matetemeko ni nadra. Balaa kubwa zaidi huanza pale hatari isipokuja na kupita kama tetemeko, bali ikahamia nyumbani na kukaa. Kotisoli ina mzunguko wake wa siku: hupanda sana muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu hadi usiku wa manane. Kwa mtu aliyebanwa miezi na miaka, mzunguko huo huvurugika; usiku kotisoli haishuki inavyopasa, au asubuhi haipandi. Sukari inayoachiwa bila misuli kuitumia huzoesha mwili kuipuuza insulini. Mafuta hujikusanya tumboni. Mishipa inayobanwa kila siku hukakamaa. Bruce McEwen, aliyegundua mwaka 1968 kwamba homoni hizi hufika hadi kwenye sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, alikuja kueleza pamoja na Eliot Stellar mwaka 1993 jinsi gharama ya kujirekebisha kila mara inavyojilimbikiza mwilini hadi ikawa yenyewe ndiyo ugonjwa.

Wapo wanaodhani haya ni maneno ya wanasaikolojia, yasiyopimika. Yamepimwa. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu kwa uzee, na wengine 13 wa umri na kipato kinachofanana ambao hawakuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo mkononi, chenye upana wa milimita 3.5. Vidonda vya wanawake wasiouguza vilipona kwa wastani wa siku 39. Vya wauguzaji vilichukua karibu siku 49. Siku kumi zaidi, kwa kidonda kisichozidi punje ya mtama! Nchini Uingereza, Sheldon Cohen na wenzake waliwawekea watu 394 wenye afya matone ya virusi vya mafua puani kisha wakasubiri. Utafiti huo, uliotoka mwaka 1991, ulionyesha kwamba walioshikwa na mafua walikuwa kama asilimia 27 miongoni mwa wenye msongo mdogo, na asilimia 47 miongoni mwa wenye msongo mkubwa. Wote waliwekewa virusi kwa namna ile ile. Kilichotofautiana ni maisha ambayo kila mmoja alikuwa ameyaacha nyumbani kabla ya kuingia chumba cha utafiti.

Hapo ndipo swali langu linapoanza. Shida za dunia hazihesabiki. Ni shida ya aina gani inayouchosha mwili kiasi hiki? Jibu la kwanza lililo wazi lilitoka kwa panya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Jay Weiss wa Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York aliwaunganisha panya wawili kwenye waya mmoja, kwa hiyo shoti ya umeme iliyomfikia mmoja ilimfikia na mwenzake, kwa nguvu ile ile na kwa muda ule ule. Mmoja alisikia mlio kabla ya kila shoti. Mwenzake alisikia milio pia, lakini haikuwa na uhusiano wowote na umeme. Walipopasuliwa, panya aliyekuwa akipewa taarifa alikuwa na vidonda vichache sana tumboni; asiyejua umeme utakuja lini tumbo lake lilikuwa limechakaa. Katika majaribio mengine panya mmoja alipewa gurudumu la kuzungusha ili kuukata umeme, na kila alipoukata ulikatika kwa wote wawili. Mwenye gurudumu alinusurika zaidi, ingawa maumivu waliyapata sawasawa. Sipendi majaribio ya namna hii, na leo kamati za maadili zingeyatazama kwa jicho kali. Lakini yanatenganisha jambo ambalo maisha hulichanganya daima: maumivu ni kitu kimoja, na kutojua yatakuja lini wala namna ya kuyazuia ni kitu kingine, na cha pili kina madhara yake chenyewe.

Binadamu si panya, kwa hiyo tuwatazame watumishi wa serikali ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1967 watafiti waliwapima wanaume wapatao 18,000 waliofanya kazi katika ofisi za Whitehall, London. Hawa hawakuwa mafukara. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, pensheni, na matibabu ya umma. Imani ya siku zile ilikuwa kwamba presha na moyo ni maradhi ya mabosi, wenye maamuzi mazito na simu tatu mezani. Michael Marmot na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 1978, matarishi na wenzao wa daraja la chini kabisa walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha wakuu wa daraja la juu. Sigara ilikuwa na sehemu yake, kwa kuwa wa chini walivuta zaidi, na presha, uzito na lehemu vilikuwa na sehemu zao. Vyote vikijumlishwa havikufika nusu ya pengo lile. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwahusisha wanawake pia, uliuliza mengi kuhusu kazi yenyewe, ukaona kwamba mtumishi asiye na kauli juu ya kazi yake, asiyeamua afanye nini kwanza wala apumzike lini, alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Bosi alikuwa na kazi nyingi, lakini gurudumu alikuwa nalo yeye.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ulikusanywa hapa kwetu, katika Maasai Mara, na waliochunguzwa ni nyani. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyeanza kwenda Mara mwaka 1978, alikuwa akiwalenga kwa sindano za usingizi zinazopulizwa kwa bomba, kisha akiwachukua damu kabla hawajazinduka. Sababu ya kuchagua nyani ni nzuri. Chakula chao wanakipata kwa saa chache za siku, na wanyama wawindao hawawasumbui sana. Muda mrefu unaobaki wanautumia kusumbuana wenyewe kwa wenyewe. Dume aliyepigwa na mkubwa humgeukia mdogo, mdogo humgeukia jike, jike humgeukia mtoto. Katika kundi lenye ngazi iliyotulia, wa chini walikuwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wamekaa kivulini bila kuguswa na yeyote, kwa kuwa kipigo chaweza kuja saa yoyote na hakina sababu. Ngazi ilipoyumba, madume yakawa yanapinduana kila wiki, waliokuwa juu ndio waliopata taabu mwilini. Cheo chenyewe basi hakikuwa kinga. Kilicholinda mwili ni kujua kesho utaamkia wapi.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Miaka ya 1980 kundi mojawapo la nyani wa Sapolsky lilikuwa na madume yaliyozoea kwenda kupigania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya kitalii iliyo karibu. Waliokwenda ni wale wakali tu, kwa sababu ilibidi wapambane na kundi jirani lililojimilikisha jalala hilo. Nyama yenye kifua kikuu ikatupwa pale, na wakali wote wakafa. Walibaki majike, watoto na madume wapole. Kundi likabadilika tabia: kupigana kulipungua, kukaa pamoja na kuchambuana manyoya kukaongezeka, na dume wa chini hakuwa tena mtu wa kupigwa ovyo. Madume ya nyani huhama makundi wakipevuka, kwa hiyo baada ya miaka kama kumi hakuna hata dume mmoja wa enzi ile aliyekuwa amebaki. Wote walikuwa wageni kutoka makundi ya kawaida, ya vurugu. Lakini wageni hao waliishika desturi ya upole waliyoikuta. Sapolsky na Lisa Share walipoandika habari hizi mwaka 2004, walieleza kwamba madume ya chini katika kundi hili hayakuwa na zile dalili za msongo zilizoonekana kwa wenzao wa cheo kile kile kwingineko. Hakuna aliyewashauri nyani hawa wapunguze mawazo. Desturi ya kundi ndiyo iliyobadilika, na damu yao ikabadilika nayo.

Najua daktari makini atanikatiza hapa. Atasema presha ya Waafrika Mashariki inaelezeka kwa chumvi, unene, pombe na kukaa bila kutembea, na kwamba kuisingizia jamii ni kumpa mgonjwa kisingizio cha kuendelea na chipsi. Hoja hii ina uzito, na jibu lake lipo katika utafiti uliofanyika Kenya ambao unastahili kujulikana zaidi. Mwaka 1990 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya Neil Poulter na wenzake waliowafuatilia vijana wa Kiluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria, ambako presha ilikuwa haijulikani sana, na kuhamia Nairobi. Wahamiaji hawa walilinganishwa na wenzao waliobaki kijijini. Presha zao zilikuwa juu tangu miezi ya mwanzo mjini. Mkojo ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu pungufu, jambo linalompa daktari wetu haki yake. Lakini mapigo ya moyo nayo yalikuwa juu, na watafiti waliona humo ishara kwamba neva zile zile za dharura alizozieleza Cannon zilikuwa zinafanya kazi kupita kawaida. Chumvi na msongo havikupishana. Viliingia mjini kwa basi moja. Isitoshe, ulaji wa chipsi usiku baada ya zamu ya saa kumi na mbili si tabia iliyoanguka kutoka mbinguni. Aliyechoka, mwenye kotisoli ya kudai sukari na mafuta, asiye na jiko wala muda, hula kinachouzwa barabarani.

Yuko mwingine atakayesema kwamba taabu haikuanza leo, na wazee wetu walilima kwa jembe la mkono katika ukame na nzige bila kuzungumzia msongo. Kwanza, hawakupimwa, mzee aliyeanguka ghafla shambani alizikwa kwa sababu nyingine. Pili, hata sasa jembe na ukame havimwachi mtu salama. Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer walipima kotisoli katika mate ya wakulima nchini Kenya na kuilinganisha na takwimu za mvua. Mvua ilipokuwa haba, kotisoli ya wakulima ilikuwa juu, zaidi kwa wale ambao shamba ndilo tegemeo lao pekee. Kwa watu wasiotegemea kilimo, badiliko hilo halikuonekana. Mawingu yenyewe hayaingii mwilini. Kinachoingia ni kutojua kama gunia litajaa. Na tukisema taabu hukomaza, tuseme ni taabu ipi: mtihani una tarehe na una mwisho, jando lilikuwa na wakufunzi na siku ya kutoka, hata vita vya wenye nidhamu vina zamu ya kupumzika. Msongo mfupi wenye kikomo huimarisha kweli. Malimbikizo ya mshahara yaliyopita miaka bila mtu kusema yatalipwa lini hayamkomazi mwalimu yeyote.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la mwanasayansi mwenye kumbukumbu. Kwa miongo mingi vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wenye mawazo, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha, katika miaka ya 1980, kwamba bakteria ndiye mhusika mkuu, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wagonjwa wasiohesabika walikuwa wameambiwa watulie, wakati walichohitaji kilikuwa dawa za kuua wadudu. Somo hilo halipaswi kusahaulika, na yeyote anayedai kila maradhi ni msongo apewe sura hiyo aisome. Hata hivyo wengi wenye bakteria huyo hawapati vidonda kamwe, na baada ya tetemeko la Kobe la mwaka 1995 madaktari wa Japani walishuhudia ongezeko la vidonda vinavyotoka damu. Bakteria huhitaji mlango. Tena historia ya neno msongo ina doa jingine ambalo halizungumzwi sana. Hans Selye, aliyefungua uwanja huu kwa barua yake fupi katika jarida la Nature mwaka 1936, alikuja kupokea fedha za makampuni ya sigara, kama nyaraka za makampuni hayo zilivyofichua baadaye. Walimpenda kwa sababu aliwapa hoja: kwamba tatizo ni mtu na msongo wake, wala si sigara. Hii ndiyo hatari ya kuufanya msongo kuwa hulka ya mtu binafsi. Yupo daima mwenye faida atakayeshukuru.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba naidharau sala, mazoezi, au kikao cha jioni na majirani. Kutembea huitumia ile sukari iliyoachiwa. Usingizi hulipa deni. Kuwa na mtu wa kumwambia neno ni kinga, na nyani wa Mara waliochambuana manyoya ni mashahidi. Ila vyote hivyo vinahitaji muda na utulivu, ambavyo ndivyo kwanza maisha yasiyotabirika humnyang'anya mtu. Dereva wa bodaboda anayetakiwa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu yake kila jioni, iwe abiria walikuwepo au mvua ilinyesha kutwa, hana saa ya mazoezi. Kumpa ushauri peke yake ni sawa na kumwelekeza yule panya wa pili avute pumzi taratibu huku umeme umewashwa.

Tufanyeje? Wengine watasema dawa basi ni kutajirika, na nchi zetu hazina fedha. Fedha husaidia, ingawa si kwa wepesi tunaoudhania. Haushofer na Jeremy Shapiro walichunguza ugawaji wa fedha bila masharti kwa kaya maskini za Rarieda, magharibi mwa Kenya, na katika utafiti wao wa mwaka 2016 walikuta watu wakisema wana furaha zaidi na msongo umepungua, lakini kwa wastani kotisoli haikutikisika. Tofauti zilijitokeza kwa baadhi ya makundi, kama vile pale kiasi kilipokuwa kikubwa. Nadhani, na hii ni tafsiri yangu, kiasi kikubwa kilimwezesha mtu kumaliza jambo: kuezeka bati, kufuta wasiwasi mmoja moja kwa moja. Fedha kidogo kidogo hupooza tu. Uhakika lakini ni kitu tofauti na utajiri, na mara nyingi ni wa bei nafuu. Serikali ya Tanzania iliponunua korosho za wakulima wa kusini msimu wa 2018 kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei ilikuwa nzuri. Kilichowaumiza wengi ni miezi ya uhakiki na kusubiri malipo bila tarehe, wakati watoto wanadaiwa ada na pembejeo za msimu unaofuata zinahitajika. Tarehe ya kweli, hata ya mbali, ingegharimu kiasi gani? Mfanyabiashara ndogondogo anayejua kwamba hataondolewa kwenye eneo lake bila notisi ya miezi mitatu hapati hata senti moja zaidi, lakini usiku analala.

Madeni ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mtu anayekopa kwa dharura ya hospitali kwenye programu ya simu, au kwa wale wa kausha damu wanaopita mtaani, hubeba mambo mawili kwa mpigo: riba isiyoeleweka na vitisho visivyo na saa. Mkopeshaji hupiga simu kwa bosi wake, kwa mama mkwe, kwa kila aliyemo kwenye orodha ya namba zake. Hakuna njia bora zaidi ya kuuweka mwili wa binadamu katika hali ya kungoja shoti. Kenya ilibadili sheria mwaka 2021 ili Benki Kuu yake iwape leseni na kuwasimamia wakopeshaji wa kidijitali, na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2024 ilitaja hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Hatua hizi zimejadiliwa kama mambo ya uchumi na faragha. Ni mambo ya afya ya umma pia, na Wizara za Afya zingepaswa kukaa meza moja na benki kuu zinapojadiliwa kanuni za ukusanyaji wa madeni: nani apigiwe simu, saa ngapi, na mara ngapi.

Ugumu halisi uko kazini. Mwenye kiwanda atasema hajui kesho atapata oda ngapi, kwa hiyo hawezi kumwahidi kibarua siku za kazi. Anasema kweli, biashara haitabiriki. Ila kutotabirika huko ni gharama kama umeme na malighafi, na swali ni nani ailipe. Kwa utaratibu wa sasa inalipwa getini saa kumi na mbili asubuhi, na watu waliotembea saa nzima kuja kuambiwa leo hapana. Kima cha chini cha siku za kazi kwa wiki, kikiandikwa kwenye mkataba pamoja na fidia ya siku iliyofutwa ghafla, kingeugawa mzigo huo kati ya pande mbili. Bodi za mishahara za kisekta zilizopo Tanzania, na mabaraza ya mishahara ya Kenya, hazishughulikii mishahara peke yake. Sheria zinaziruhusu kutazama na masharti mengine ya ajira. Zinaweza kulianza jambo hili bila kungoja Bunge.